Punguzo la ushuru wa biashara lililoahidiwa: mbona linasogezwa mbele kila Juni?

MwenyeDukaKongowea aliuliza:

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote.

Nina duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kongowea, Mombasa. Ninauza misumari, rangi, mabati, saruji na nyaya za umeme. Tangu uchaguzi wa 9 Agosti 2022 nimekuwa nikingojea jambo moja, na kila mwaka Mswada wa Fedha unapopitishwa mwezi wa Juni ninagundua kwamba jambo hilo limesogezwa mbele tena.

Wakati wa kampeni tuliambiwa kwamba serikali mpya itaanza kumtazama mtu wa chini: mama mboga, mwenye kibanda, fundi, mwenye duka. Baada ya kuapishwa, Rais William Ruto alilihutubia Bunge tarehe 29 Septemba 2022, akasema kwamba mfumo wetu wa ushuru unaitoza biashara kupita kiasi huku mali ikitozwa kidogo. Siku hiyo nilifunga duka nikiwa na matumaini, kwa maana sikuwa nimewahi kumsikia kiongozi akilisema hilo waziwazi namna ile. Mwaka uliofuata Sheria ya Fedha ya 2023 ikapandisha ushuru wa mauzo, huu tunaouita TOT, kutoka asilimia 1 hadi asilimia 3. Mwaka huohuo ukatolewa Mkakati wa Mapato wa Muda wa Kati, ambamo imeandikwa kwamba ushuru wa mapato ya kampuni utashuka kutoka asilimia 30 hadi 25. Mkakati huo ni wa miaka ya fedha ya 2024/25 hadi 2026/27. Sheria ya Fedha ya 2025 imetiwa saini, na asilimia 30 ingali asilimia 30.

Ili msidhani nalalamika kwa maneno matupu, hizi hapa hesabu za mwezi wa kawaida, kama zilivyo kwenye daftari langu. Mauzo ni shilingi 400,000. Nikishaondoa bei niliyonunulia mali, hubaki shilingi 56,000. Pango la duka ni 12,000, kijana anayenisaidia nusu siku namlipa 10,000, na umeme, usafiri na sehemu ya leseni ya kaunti ni kama 4,000. Zinabaki 30,000. Kabla ya Julai 2023 nilikuwa nikilipa TOT ya shilingi 4,000. Sasa ninalipa 12,000 kila mwezi ifikapo tarehe 20. Ninachokwenda nacho nyumbani kwa mke na watoto wanne ni shilingi 18,000.

Naomba kujua mambo mawili. Kwa nini punguzo lililoandikwa na serikali yenyewe halitekelezwi, na hakuna anayetuambia litatekelezwa lini? La pili, likitekelezwa, mtu kama mimi nitapata nafuu ya kiasi gani?

KaraniWaHesabu alijibu:

Ndugu Mwenye Duka, waalaykum salaam. Nimeandaa vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo hapa Nairobi kwa miaka kumi na tisa, na swali lako la pili ndilo watu wengi hawaliulizi, kwa hiyo nitaanza nalo.

Punguzo la kutoka 30 hadi 25 halikuhusu wewe. Hata likianza kesho asubuhi, utaendelea kulipa shilingi zako 12,000. Asilimia hiyo 30 hutozwa faida ya kampuni iliyosajiliwa, baada ya kampuni kutoa gharama zake zote: mishahara, pango, riba ya mikopo, uchakavu wa magari. TOT unayolipa wewe hutozwa mauzo yote, kabla hujatoa gharama hata moja, kwa biashara ambayo mauzo yake kwa mwaka ni kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25. Ndiyo maana ukisikia "asilimia 3" inaonekana ndogo ukilinganisha na "asilimia 30", ilhali ukiipima kwa faida mambo yanageuka. Shilingi 12,000 katika faida yako ya 30,000 ni asilimia 40. Kampuni kubwa inayotengeneza saruji unayoiuza inalipa asilimia 30 ya faida yake, na imeahidiwa kushushiwa hadi 25. Mwaka ikipata hasara, hailipi ushuru wa mapato, kwa sababu ile kanuni ya kila kampuni kulipa angalau asilimia 1 ya mauzo, iliyoletwa na Sheria ya Fedha ya 2020, ilifutwa na Mahakama Kuu mwaka 2021 na Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2022. Majaji waliona kwamba si sawa kutoza ushuru wa mapato pale ambapo mapato hayapo. Wewe ukipata hasara, asilimia 3 ya mauzo bado inadaiwa.

Nimeona haya kwa macho yangu mara nyingi mno, na bado yananiuma. Mwaka jana mama mmoja muuza sabuni na mafuta kwa jumla aliniletea daftari lake, na alipoona nimeandika asilimia ya faida yake inayokwenda kwenye ushuru, aliniomba nihesabu upya akidhani nimekosea nukta.

Lakini sheria inakupa njia. Anayelipa TOT anaruhusiwa kumwandikia Kamishna wa ushuru kwamba anataka kutoka huko na kutozwa kwa utaratibu wa kawaida, yaani kwa faida. Tuchukue hesabu yako. Faida ya 30,000 kwa mwezi ni 360,000 kwa mwaka. Mtu binafsi hutozwa asilimia 10 kwa shilingi 288,000 za kwanza, ambazo ni 28,800. Shilingi 72,000 zinazobaki hutozwa asilimia 25, ambazo ni 18,000. Jumla ni 46,800. Kisha unaondolewa nafuu ya mtu binafsi ya 28,800 kwa mwaka. Unabaki na deni la shilingi 18,000 kwa mwaka mzima, ikiwa huna mapato mengine. Chini ya TOT unalipa 144,000.

Usikimbilie kuandika barua leo, kwa sababu kuna mlango mwembamba wa kupita. Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na risiti ya eTIMS, yaani risiti ya kielektroniki inayofika kwa mamlaka ya ushuru, haikubaliwi kutolewa katika faida. Ukinunua misumari ya shilingi 80,000 ukapewa karatasi ya kaboni iliyoandikwa kwa kalamu, mbele ya sheria ni kana kwamba misumari hiyo ulipewa bure, na utatozwa kana kwamba mauzo yake yote ni faida. Kwa hiyo nakuuliza: wauzaji wako wa jumla wanakupa risiti gani?

Kuhusu swali lako la kwanza, Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kwamba hakuna ushuru unaoweza kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Mkakati wa Mapato si sheria. Ni mpango wa serikali, nao ulikuwa na mambo ya kupandisha na mambo ya kushusha. Tazama lipi lilitangulia kufika Bungeni. Ushuru wa magari uliotajwa humo uliingia katika Mswada wa Fedha wa 2024 ukiwa na asilimia yake, 2.5 ya thamani ya gari, na kiwango cha chini na cha juu. Punguzo la kampuni halikuingia katika mswada huo. Mwaka 2025 likaja jambo jingine la kupanua mapato, la kuweka ukomo wa miaka 5 kwa hasara ambazo biashara inaweza kuzihamishia miaka ijayo. Punguzo halikuja tena. Mpangilio wenyewe ni kwamba nyongeza ndiyo inayotangulia, na punguzo huambiwa lingoje hadi nyongeza ilete matunda. Ninyi mnaoilipa nyongeza ndio mnaofanywa dhamana ya punguzo la wengine.

MstaafuWaBajeti alijibu:

Nimesoma maelezo ya Karani kwa makini na hesabu zake ni sahihi. Hata hivyo, nilifanya kazi katika mambo ya bajeti za umma kabla ya kustaafu, na nisingependa ndugu yetu wa Kongowea aondoke hapa akiamini kwamba mtu fulani alikaa ofisini akaamua kumhadaa.

Serikali iliyoingia Septemba 2022 ilikuta deni kubwa, na kufikia katikati ya 2023 deni la taifa lilikuwa limepita shilingi trilioni 10. Juni 2024 ilikuwa tarehe ya kulipa hati fungani ya dola bilioni 2 iliyouzwa mwaka 2014. Shilingi ilikuwa ikishuka, na wawekezaji wa nje walikuwa wakiuliza waziwazi kama Kenya italipa au itafuata Ghana na Zambia zilizoshindwa kulipa madeni yao. Februari 2024 serikali ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya karibu asilimia 10 ili kulipa sehemu kubwa ya deni hilo. Katika hali hiyo hakuna Waziri wa Fedha duniani anayekwenda Bungeni kupunguza ushuru wa kampuni kwa asilimia 5 kwa mkupuo, kwa sababu wanaomkopesha wangeisoma habari hiyo asubuhi na kupandisha riba jioni.

Pili, punguzo lile lilifungamanishwa na lengo la kukusanya ushuru ufikie asilimia 20 ya pato la taifa kufikia 2026/27. Lengo lilikuwa mbali mno na hali halisi, na waliolijua hilo walilisema mapema. Mswada wa 2024 ulipokataliwa na wananchi, vijana wakaingia Bungeni tarehe 25 Juni na Rais akakataa kuutia saini siku iliyofuata, shilingi bilioni 346 zilizotarajiwa ziliondoka kwenye hesabu. Sisemi wananchi walikosea. Watu walikufa mwezi ule, na mwenye moyo hawezi kulizungumza kama suala la hesabu tu. Nasema kwamba baada ya pale, punguzo la kampuni halikuwa tena na pesa za kulibeba.

Tatu, haki itendeke: si kweli kwamba hakuna kilichoshuka. Sheria ileile ya 2023 iliyokupandishia TOT ilishusha ada ya tamko la uagizaji kutoka asilimia 3.5 hadi 2.5, na ada ya ustawishaji wa reli kutoka asilimia 2 hadi 1.5. Iliondoa pia ushuru wa ongezeko la thamani kwenye gesi ya kupikia. Matawi ya kampuni za kigeni yalishushiwa kutoka asilimia 37.5 hadi 30 kuanzia 1 Januari 2024. Mabati na nyaya unazouza hutegemea malighafi kutoka nje, kwa hiyo sehemu ya nafuu hiyo ilipaswa kukufikia kupitia bei.

KaraniWaHesabu alijibu:

Mzee wangu, naheshimu uzoefu wako, na hali ya Februari 2024 uliyoieleza ilikuwa hivyo hasa. Ila naomba nitofautiane nawe katika mambo mawili.

Ada ya reli uliyoitaja ilirudishwa kuwa asilimia 2 na sheria ya marekebisho ya ushuru ya Desemba 2024. Nafuu hiyo ilidumu mwaka mmoja na nusu. Na matawi ya kampuni za kigeni yaliposhushiwa, tarehe iliandikwa ndani ya sheria na siku ikafika ikatekelezwa, ijapokuwa yaliongezewa ushuru wa asilimia 15 kwa faida inayopelekwa nje. Kumbe inawezekana kuandika tarehe ya punguzo mapema na kuiheshimu.

Jambo la pili ni la 2020. Machi 25 mwaka ule, janga la korona lilipoingia, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba ushuru wa kampuni utashuka kutoka 30 hadi 25, ongezeko la thamani kutoka 16 hadi 14, na TOT kutoka 3 hadi 1. Kufikia mwisho wa Aprili Bunge lilikuwa limepitisha sheria. Mwezi mmoja ulitosha. Januari 1, 2021 viwango vya kampuni na vya ongezeko la thamani vikarudi vilipokuwa, na TOT pekee ndiyo iliyobaki asilimia 1, hadi hiyo 2023. Kwa hiyo sikubali ninapoambiwa kwamba kupunguza ushuru ni kazi ya miaka mingi ya maandalizi. Ni kazi ya uamuzi, na uamuzi hufuata yule anayeonekana kuwa na haraka.

MstaafuWaBajeti alijibu:

La ada ya reli nililisahau, na umenisahihisha ipasavyo. Kuhusu 2020, kumbuka kwamba mapunguzo yale yalilipiwa kwa kukopa, na sehemu ya deni linalotubana leo ilizaliwa humo. Nakubali hata hivyo kwamba serikali ilikosea mpangilio. Ningekuwa mimi, ningeacha TOT pale pale ilipokuwa na kutafuta pesa hizo kwingine, maana mwenye duka dogo hana mahali pa kuipeleka nyongeza: akipandisha bei ya kilo ya misumari kwa shilingi 10, mteja anavuka barabara.

BintiTemeke alijibu:

Shikamoo Mzee Mstaafu, na kaka wa Kongowea pole sana. Mimi niko Dar es Salaam, nina karakana ya kushona sare za shule yenye wafanyakazi kumi na wawili, na nimesoma mjadala huu kwa hamu kwa sababu huku kwetu tuna kisa kinachofanana na hicho, ingawa mwisho wake ni tofauti kidogo.

Waajiri Tanzania Bara tunalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo wengi wetu tunaiita SDL. Hadi mwaka 2013 ilikuwa asilimia 6 ya mishahara yote, na waajiri walilia miaka nenda miaka rudi kwamba ndiyo kubwa kuliko zote katika ukanda wetu. Serikali iliahidi kuishusha. Haikushuka kwa siku moja. Ilishuka kwa asilimia 1, kisha kwa nusu mara tatu, hadi mwaka 2023 ikafika asilimia 3.5. Katikati ya safari hiyo, mwaka 2021, idadi ya wafanyakazi inayomlazimu mwajiri kulipa ilipandishwa kutoka wanne hadi kumi, na majirani zangu wengi wenye karakana ndogo wakatoka kabisa kwenye tozo hiyo. Kwangu mimi kila nusu moja ilikuwa ni pesa ya kununulia kitambaa cha akiba kabla ya Januari, mwezi ambao sare zinahitajika kuliko wakati wowote.

Sisemi kwamba mambo yetu ya kodi yamenyooka. Wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka Mei 2023, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaja kuwasikiliza Mnazi Mmoja, na Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Kodi ya kampuni huku nako ni asilimia 30 kama kwenu. Lakini katika hili la SDL, kila punguzo liliingia katika Sheria ya Fedha ya mwaka wake, na mwajiri aliweza kuonyesha kifungu kwa kidole. Rwanda nao wamechukua njia inayofanana na hiyo: mwaka 2023 walishusha kodi ya kampuni kutoka 30 hadi 28, wakisema kwamba wanakusudia kufika 20 baadaye. Zile 2 za kwanza ziko mkononi tayari. Kaka, kama ningekuwa Kenya ningeomba nusu asilimia yenye tarehe kuliko asilimia 5 zilizoandikwa kwenye mkakati.

AliyeishiAccra alijibu:

Naomba kuongeza kisa kimoja kifupi, kwa kuwa Ghana imetajwa. Nilikuwa Accra kikazi wakati chama cha NPP cha Nana Akufo-Addo kilipogombea uchaguzi wa Desemba 2016 kikiahidi kushusha kodi ya kampuni kutoka asilimia 25 hadi 20. Kilishinda. Bajeti ya kwanza ya Machi 2017 iliondoa kodi kadhaa ndogondogo, zikiwamo za tiketi za ndege za safari za ndani na za huduma za fedha, na watu walishangilia. Ile ya kampuni ikaambiwa ingoje hali ya fedha itengemae. Chama hicho kilitawala mihula miwili, miaka minane kamili, na asilimia 25 ikabaki vilevile hadi kinaondoka. Katikati yake, Mei 2022, ilianzishwa tozo ya asilimia 1.5 kwa miamala ya fedha kwa simu, ambayo mwenye duka na mteja wake waliihisi siku ileile.

Uchaguzi wa Desemba 2024 ulipofika, John Mahama aliahidi kuifuta tozo hiyo ndani ya siku 120 za kwanza. Alishinda, na kufikia mwanzoni mwa Aprili 2025 sheria ya kuifuta ilikuwa imetiwa saini. Tofauti niliyoiona kati ya ahadi hizo mbili ni hesabu ya siku. Ahadi ya kwanza haikuwa na siku ambayo mwananchi angeweza kusimama na kusema imepita. Ya pili ilikuwa nayo, na magazeti yalikuwa yakizihesabu.

MwenyeDukaKongowea alijibu:

Ndugu zangu, nimesoma kila neno, na jana usiku baada ya kufunga duka niliketi na mke wangu tukatoa boksi la risiti za mwezi uliopita. Zilikuwa 31. Risiti za eTIMS ni 9. Nyingine zote ni karatasi za kaboni, mbili kati yake hazina hata jina la muuzaji, na moja imelowa mafuta ya rangi hata tarakimu hazisomeki. Sikuwa nimewahi kuzitazama kwa jicho hilo. Karani, umeniuliza wananipa risiti gani, na hilo ndilo jibu langu.

Nimeumia kujua kwamba kwa miaka hii yote nimekuwa nikingojea punguzo lisilo langu. Nilipokuwa nikisikia redioni "ushuru wa biashara utashuka", nilijihesabu kuwa mimi ndiye biashara. Hakuna aliyetueleza kwamba neno hilo lina watu wawili ndani yake, na kwamba aliyeahidiwa kushushiwa si yule aliyepandishiwa. Mzee Mstaafu, nimekuelewa kuhusu deni, na sikatai kulichangia, kwa sababu barabara ninayopitia na hospitali waliyozaliwa wanangu havikujengwa kwa upepo. Ninachoomba ni kuchangia kwa kipimo kile kile anachopimiwa mwenye kiwanda.

Nina swali jingine moja. Je, mtu mdogo anaweza kuandika kwa Bunge kuhusu TOT yenyewe, na kuna mtu huko anayesoma?

KaraniWaHesabu alijibu:

Anaweza, na kuna ushahidi kwamba husomwa. Mswada wa Fedha hutakiwa kufika Bungeni kabla ya mwisho wa Aprili, na mwezi wa Mei Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa hupokea maoni ya wananchi kwa maandishi na kwa mdomo. Mswada wa 2023 ulipoletwa, ulitaka TOT ya asilimia 3 ianzie kwa mwenye mauzo ya shilingi 500,000 kwa mwaka hadi milioni 15. Hebu fikiria: shilingi 500,000 kwa mwaka ni kama 1,400 kwa siku, mauzo ya mama wa mandazi. Watu waliandika, vyama vya wafanyabiashara vikafika mbele ya kamati iliyoongozwa na Mbunge wa Molo, Kuria Kimani, na sheria ilipotoka mwanzo ulikuwa milioni 1 na mwisho milioni 25. Kiwango cha asilimia 3 hakikuguswa, lakini mama wa mandazi alitoka.

Ukiandika, usiandike kwamba ushuru ni mzito. Kila mtu huandika hivyo. Weka ukurasa wa daftari lako kama ulivyouweka hapa: mauzo, bei ya kununulia, pango la duka, kijana, umeme, faida, TOT, na asilimia ya faida iliyokwenda. Kisha taja unachotaka na siku ya kuanza kwake, kama alivyoshauri dada wa Temeke. Kwa mfano, asilimia 2 kuanzia 1 Julai 2026, na asilimia 1 kuanzia 1 Julai 2027. Siku hizo zote mbili ziko kabla ya uchaguzi wa 10 Agosti 2027, kwa hiyo hakuna atakayekuwa na haja ya kuahidi tena kwenye jukwaa jambo ambalo limekwisha kuandikwa katika sheria.

Wakati huohuo anza na wauzaji wako. Mwezi huu nunua kwa wale tu wenye eTIMS, hata kama bei yao inazidi kidogo, na uwape nambari yako ya PIN ya ushuru kila unaponunua. Ukifikisha miezi mitatu yenye risiti kamili, tutajua faida yako halisi mbele ya sheria ni ipi, ndipo uamue kama utamwandikia Kamishna au la.

MwenyeDukaKongowea alijibu:

Leo asubuhi nimekwenda kwa wauzaji wangu watatu wa jumla. Mmoja amekubali papo hapo na kunipa risiti ya saruji na ya mabati. Wa pili amesema mashine yake ina hitilafu nirudi Jumatatu. Wa tatu, ambaye ndiye huniuzia misumari na rangi, ameniambia kwamba nikitaka risiti ya eTIMS bei ya kila kopo la rangi itaongezeka kwa shilingi 150, kwa kuwa naye atalazimika kutangaza mauzo hayo. Nimechukua makopo manne kwa bei hiyo na nimeihifadhi risiti kwenye mfuko wa plastiki ili isilowe.

Karani, nitakuandalia hesabu za miezi mitatu uzikague kabla sijaandika barua kwa Kamishna. Ya Bunge nimeanza kuiandika usiku huu. Jirani yangu muuza vyombo na mama mmoja mwenye duka la dawa za mifugo wamekubali kuleta kurasa za madaftari yao nao, na tutaziambatisha zote tatu.